Ombeni Kufundishwa Tena



Wahitimu wa uuguzi, nina neno kwa wale mtakaopangiwa wodi ya saratani ya damu. Huko, mliyoyasoma hayatoshi.

Nchi hii, Uganda, imeujua ugonjwa huo kwa muda mrefu. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, aliandika habari za watoto waliovimba taya. Saratani hiyo ya chembe za damu ikapewa jina lake. Mwaka 1967 Taasisi ya Saratani ya Uganda ikaanzishwa palepale Mulago. Uvimbe wa Burkitt unaweza kukua maradufu kwa siku moja au mbili, lakini unasikia dawa. Mama akikuletea mtoto aliyevimba taya akidhani ni jino, usimpe panadoli ukamrudisha nyumbani. Mwandikie rufaa ya hospitali ya Mbarara siku hiyohiyo.

Hatari nyingine huja dawa inapofanya kazi. Uvimbe hunywea upesi, mama akaona mwanawe amepona, akafunga mzigo arudi kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Mama aliyetoka Kongo atakuelewa ukimweleza kwa Kiswahili kwa nini dozi zilizobaki ndizo zitakazomwokoa mtoto. Wengi wenu mna lugha hiyo. Itumieni.

Sasa vinkristini, mojawapo ya dawa za saratani hiyo. Ikiingia kwenye mshipa wa damu, hutibu. Ikivuja nje ya mshipa, huunguza nyama. Ikidungwa kwenye uti wa mgongo kwa makosa, huua. Na mgonjwa huyohuyo huenda ana dawa nyingine ya kudungwa mgongoni, methotreksati. Kuzitofautisha dawa hizi mbili hakufunzwi kwa kubahatisha. Kunahitaji mwalimu aliyesimama kando yako.

Tena homa. Mgonjwa aliye kwenye kemo, yaani dawa za saratani, akifika nyuzi 38, chembe zake nyeupe za damu zikiwa zimeshuka, pimeni malaria, ndiyo, lakini antibiotiki iingie ndani ya saa moja. Msingoje majibu.

Wakuu wa hospitali mliopo, nawasihi: msimwache muuguzi mgeni peke yake na dawa hizi, wala msimhamishie wodi nyingine punde anapozizoea. Nanyi wahitimu, mkipangiwa wodi hiyo bila mafunzo, yaombeni kwa maandishi, na mkinyimwa, ombeni tena.