Vigari vya Kabatini na Lori la Waya
(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Katibu aliponiomba nizungumze, alitarajia habari za uhasibu, kazi iliyonilisha hadi kustaafu. Naomba radhi. Nitazungumza juu ya vigari vya kuchezea. Naona wenzangu wa bweni wanacheka. Chekeni tu, hata mama watoto hucheka.

Kabatini ninavyo vigari 83, vyote mifano ya magari ya Kimarekani ya kati ya mwaka 1964 na 1973: Pontiac GTO, Ford Mustang, Camaro, Dodge Charger na ndugu zao. Wamarekani waliyapachika jina la misuli, kwani walichukua injini ya gari kubwa wakaitia katika gari la kadiri. GTO ya mwaka 1964 ilikuwa na injini ya lita 6.4. Land Rover ya bwana shamba ilikuwa na lita 2 na robo, nayo ilipita kwenye mbuga za matope ambako GTO ingelala hadi kiangazi. Sisemi kwa chuki. Katika mashindano ya Safari ya Pasaka 1964, kikosi cha magari ya Mercury Comet kililetwa kutoka Marekani, yenye silinda 8 kila moja. Yaliyofika mwisho yalikuwa mawili tu, na mshindi akawa Cortina, kigari cha lita 1 na nusu. Kisha mafuta yakapanda bei mwaka 1973, na magari ya misuli yakaishiwa pumzi. Hata kwetu mafuta yaliadimika, na baadaye gari binafsi likakatazwa kutembea Jumapili baada ya saa 8 mchana.

Mkusanyaji hana budi kujua kipimo. 1 kwa 18 maana yake gari halisi ni refu mara 18 kuliko mfano. Charger ya mwaka 1969, yenye mita 5.3 hivi, inakuwa sentimeta 29. Kwa 1 kwa 64 inabaki sentimeta 8 na kuenea kiganjani. Vigari vya Matchbox vya Uingereza vilizaliwa kwa sababu ya kanuni ya shule: binti wa fundi mmoja aliruhusiwa kwenda darasani na kitu cha kuchezea kinachoingia katika kiberiti tu, basi baba yake akamtengenezea kijigari cha kushindilia barabara cha ukubwa huo. Wamarekani wakajibu mwaka 1968 kwa Hot Wheels, vyenye ekseli nyembamba na mbio za ajabu. Vile vya kabla ya mwaka 1977 vilikuwa na mstari mwekundu kwenye tairi. Ukikipata kimoja, usikipake rangi mpya! Rangi ya kwanza iliyochubuka ina thamani kuliko mpya inayong'aa.

Changu cha kwanza kilitoka Mwadui, kwenye mgodi wa almasi aliougundua Williamson mwaka 1940, ambako mzee wangu alikuwa fundi bomba. Mwishoni mwa mwaka 1971 mhandisi mmoja mgeni alifungasha kurudi kwao, na mtoto wake akaacha Camaro ya buluu. Nikaja nayo hapa Kidato cha Kwanza, ndani ya sanduku la bati.

Bwenini kulikuwa na kijana wa kutoka Geita. Alikuwa na lori la waya, mfano wa Bedford lililobeba pamba kwenda stesheni. Tairi alizikata kwenye ndala kuukuu. Usukani ulikuwa wa waya mrefu, akiukata kushoto magurudumu yanakata kushoto, na springi zilinesa kama za lori lenyewe. Alikuwa amelipima lori halisi kwa hatua, hatua 8, na kila hatua akaifanya upana wa vidole vitatu. Baadaye nilipiga hesabu: kipimo chake kilikuwa karibu 1 kwa 16, na hakuna aliyemfundisha.

Usiku nilipoitoa Camaro, wote waliliacha lori wakaja kitandani kwangu. Mmoja akasema lile ni gari la machungani. Nikacheka pamoja nao, nami nilijua vizuri ni lipi lililokuwa kazi kubwa. Lori likatupwa nyuma ya jiko, mvua ikalinyeshea. Hakutengeneza jingine. Kidato cha Pili hakurudi.

Mwaka 2011, Geita ikiwa bado katika Mkoa wa Mwanza, kazi ilinifikisha huko. Nje ya mji nikamkuta akichomelea makarasha, yale mapipa ya kusagia mawe ya dhahabu. Akanitazama, akasema: “Wewe wa Camaro.” Nilitaka kumwomba radhi, nikaishia kununua soda. Nilipomwomba anitengenezee lori, alicheka, akachukua kipande cha nondo na kulichora chini, hatua zote 8, bila kukosea. Akasema nije na waya.

Nilirudi na waya mwaka uliofuata. Karakana ilikuwa imehama, na majirani hawakujua imehamia wapi.

Kabatini nimeacha nafasi ya sentimeta 40. Nimejaribu kulikunja mwenyewe. Magurudumu ya mbele yanakataa kukata kona. Wenzangu, kama kuna mwenye gari la waya la enzi zetu darini, hata lenye kutu, asilitupe. Nami nitalibadilisha kwa chochote nilicho nacho. Camaro ipo hapa mfukoni. Vijana wa Kidato cha Kwanza waje waione baada ya chakula, na wenye magari yao waje nayo.