Kufua Mazulia ya Mjini: Kazi Inayoweza Kufanywa na Vyama Vyetu

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Kagondo)



Nimetakiwa niseme juu ya kazi ambayo wengi wetu hatujaihesabu kuwa ya ushirika, nayo ni kufua mazulia ya nyumba za mjini. Juu ya sabuni sitasema mengi. Nitasema zaidi juu ya kukausha na juu ya amana, kwa kuwa kazi hii husimama au huanguka katika mambo hayo mawili.

Wazee wetu wa Buhaya walitandika nyasi katika sakafu ya msonge. Nyasi zikichakaa ziliondolewa, zikatandikwa mpya, na nyumba ikawa imesafishwa. Zulia halibadilishwi hivyo. Hukaa miaka mingi, na vumbi huzama katika mashina ya nyuzi, mahali ambapo ufagio haufiki. Mwenye nyumba wa mjini mara nyingi hana ua wa kulianika, wala kamba ya kubeba uzito wake likilowa. Hapo ndipo anapotafuta wa kumfanyia kazi hiyo.

Ushirika wa mkoa wetu ulijengwa juu ya kahawa. Bukoba Native Co-operative Union iliandikishwa mwaka 1950. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, na sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Katika mabadiliko hayo yote tuliendelea kutegemea zao moja, na vijana wetu hukaa miezi mingi wakingoja msimu. Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013 haikufunga ushirika ndani ya kilimo peke yake. Njia ipo. Swali ni kama tuko tayari.

Kazi yenyewe ina utaratibu. Kwanza, zulia hukung'utwa likiwa kavu, upande wa mbele na wa nyuma. Vumbi likiwahiwa na maji huwa tope. Pili, hutambuliwa uzi wake. Chomoa uzi mmoja pembeni uuchome: sufu hunuka kama nywele zilizoungua, pamba hunuka kama karatasi, na uzi wa plastiki huyeyuka ukawa kidonge kigumu. Tatu, rangi hujaribiwa kwa kitambaa cheupe chenye unyevu. Kitambaa kikishika rangi, zulia hilo lisitiwe majini. Nne, sufu hufuliwa kwa maji baridi na sabuni laini. Maji ya moto huisinyaza, na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe huila kabisa. Tano, zulia husuuzwa mpaka maji yatoke safi, kwani sabuni iliyobaki hunasa vumbi upya.

Tena, tusifulie ziwani wala mtoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingoni, na maji hayo ndiyo tunayokunywa.

Ndugu wanachama, sasa nakuja kwenye kukausha. Hakuna mkulima hapa asiyejua kahawa iliyowekwa ghalani na unyevu inavyofanya: huota ukungu na kunuka, na bei huanguka. Zulia ni hivyo hivyo. Likikawia kukauka huvunda, na lile lenye mgongo wa juti, uzi uleule wa magunia yetu ya kahawa, hutokwa na madoa ya kahawia yanayopanda hadi juu.

Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka. Miezi yetu ya jua, Juni hadi Agosti, ndiyo miezi ile ile ya kuchuma na kuanika kahawa. Kwa hiyo, tukitaka kazi hii izibe pengo la baina ya misimu, tutaifanya wakati wa mvua. Chama kisicho na banda lenye paa, lililo wazi pembeni ili upepo upite, na lenye miti imara ya kutundikia, kisianze. Wala mtu asishawishike kutumia ghala la kahawa. Kahawa hunyonya unyevu na harufu. Tutapata shilingi chache za zulia na kupoteza mavuno ya wanachama wote.

La mwisho ni amana. Zulia ni mali ya mtu, na pengine ndiyo mali ya thamani katika sebule yake. Lipokelewe kwa stakabadhi yenye nakala, ikionyesha jina la mwenyewe, urefu na upana, rangi, na kila doa na mchaniko uliokuwapo, naye atie sahihi. Lishonewe kitambaa chenye namba. Malipo yawe kwa mita ya mraba: zulia la mita 2 kwa 3 ni mita 6, na kila mtu anaweza kuhesabu. Katika kila malipo itengwe sehemu ya fidia, kwa kiwango kitakachoamuliwa na mkutano mkuu, si na katibu peke yake. Doa lisilotoka tuseme mapema kwamba halitoki. Chema chajiuza, lakini zulia moja lililorudi likinuka litatangaza jina letu mtaa mzima.

Ndugu Makatibu, nawaomba mrudi na maswali matatu katika mikutano yenu. Je, tunalo banda, au tunaweza kulijenga? Je, tunayo maji mbali na ukingo wa mto na ziwa? Je, wapo vijana na akina mama watakaolipwa kwa kazi waliyoifanya, na mtunza vitabu atakayekubali kukaguliwa? Penye jibu la ndiyo mara tatu, paanzwe na mazulia madogo. Penye hapana moja, pasubiri mpaka ipatiwe dawa.