Kuku wa Kununuliwa katika Nyua za Bujumbura: Malezi na Upimaji wa Sifa za Koo

Kifaranga huanguliwa akiwa amekwisha kuvuta tumboni kiini kilichobaki, na kiini hicho humtosha siku mbili hadi tatu bila kula wala kunywa. Ndiyo sababu sanduku la vifaranga huweza kupakiwa ndege Ulaya likashushwa uwanja wa Melchior Ndadaye, au likasafiri kwa barabara kutoka nchi jirani, na vifaranga wakafika Buyenzi, Kinama au Kanyosha wakiwa hai. Hata hivyo, aliyekawia njiani hufika miguu imesinyaa na macho yamelegea, na hata akipona hatafikia uzito wala mayai ambayo koo yake ina uwezo nayo. Swali la kuku huyu ni wa aina gani na ana thamani gani huanza kujibiwa siku hiyo ya kwanza, kwa matunzo, kabla manyoya hayajaota.

Kuku wanaouzwa na vituo vya kutotolesha ni wa makundi matatu. Wa mayai, kama ISA Brown na Lohmann Brown, huanza kutaga wakiwa na wiki 18 hadi 20, na wakitunzwa kikamilifu hupita mayai 300 kwa mwaka. Wa nyama, kama Cobb 500 na Ross 308, hufikia uzito wa kuchinjwa katika wiki 5 hadi 6; kwa ua wenye joto na umeme wa kukatika hao ni mzigo, na hawajadiliwi zaidi hapa. Kundi la tatu ni la matumizi mawili, nyama na mayai, na ndilo linalofaa nyua nyingi za mji huu. Humo yumo Kuroiler, aliyetokana na kazi ya Vinod Kapur wa kampuni ya Keggfarms nchini India mwanzoni mwa miaka ya 1990, na yumo Sasso wa Ufaransa, ambaye kwa upande wa Tanzania hutotoleshwa na Silverlands mkoani Iringa. Kuroiler alipojaribiwa vijijini Uganda, jogoo wake wa wiki 25 walikuwa na takribani kilo 2.6, na wa kienyeji waliolelewa nao kilo 1.6.

Majina hayo ni ya biashara, na kuku wanaoyabeba ni machotara. Rhode Island Red na Leghorn ni koo halisi: jogoo na mtetea wake wakipandana, watoto hufanana nao. Kitabu cha Marekani cha vigezo vya kuku, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1874, kilieleza kila koo kwa umbo la upanga, rangi ya unyoya, rangi ya mguu na mkao wa mkia, na Rhode Island Red aliingizwa humo mwaka 1904. Vigezo hivyo ni vya mashindano. Kituo cha kutotolesha hakichagui kuku wa mashindano. Huchagua wingi wa mayai, ulaji mdogo na utulivu. Hivyo hata kituo kinachouza koo halisi hutoa kuku mwenye rangi iliyopauka au upanga wenye meno ya ziada, na kasoro hizo hazimpunguzii mfugaji kitu. Anayepima kuku wa uani kwa rangi anapima jambo ambalo muuzaji mwenyewe hakulishughulikia.

Ipo sehemu moja ambapo rangi husema kweli kabisa, nayo ni kwa vifaranga wa kuku wa mayai wa rangi ya kahawia. Baba yao ni wa damu ya Rhode Island Red na mama yao ni wa damu ya Rhode Island nyeupe. Mama humrithisha mtoto wa kiume peke yake weupe wake, kwa hiyo katika sanduku moja vifaranga wa kahawia ni majike na wa manjano hafifu ni madume. Madume hao hawatagi wala hawanenepi, kwa sababu koo yao imeondolewa nyama kizazi baada ya kizazi. Panapokosekana uaminifu, ndio wanaouzwa kwa bei ndogo kwa jina la Kuroiler au Sasso. Mnunuzi anayeletewa sanduku la vifaranga wa manjano watupu, wenye miili myembamba na wa kimo kimoja, akiambiwa ni wa nyama na mayai, ana haki ya kushuku. Vifaranga wa Sasso na wa Kuroiler kwa kawaida huwa na rangi mchanganyiko: wekundu, wenye mistari mgongoni, weusi, wa kijivu.

Wakati wa kununua hutazamwa kitovu kama kimefunga na kukauka, miguu kama inang'aa, na kama kifaranga aliyelazwa chali hujigeuza upesi. Uzito wa gramu 35 hadi 40 unatosha. Jambo lisilorekebishika baadaye ni chanjo ya ugonjwa wa Marek, inayodungwa kituoni siku ile ile ya kuanguliwa. Mfugaji aulize, na ajibiwe kwa maandishi pamoja na jina la koo na siku ya kuanguliwa.

Bujumbura iko kwenye mwinuko wa karibu mita 780, kando ya Ziwa Tanganyika, na joto lake humpunguzia mlezi wa vifaranga nusu ya kazi. Wiki ya kwanza huhitaji nyuzi 32 hadi 35 za Selisiasi, kisha hupunguzwa kama nyuzi 3 kila wiki. Mchana wa hapa hufika nyuzi 28 na zaidi, kwa hiyo tangu wiki ya tatu moto huhitajika usiku na alfajiri tu. Umeme ukikatika, jiko la makaa hufaa, mradi liwekwe nyuma ya kizuizi na chumba kiwe na tundu la hewa juu. Moshi wa makaa huua vifaranga kimya kimya, na mara nyingi vifo hivyo husingiziwa ubovu wa kituo. Kiasi cha joto husomwa kwa vifaranga wenyewe. Wakijikusanya kuuzunguka ni baridi, wakikimbilia kuta na kuhema ni joto, wakitawanyika wakila ni sawa.

Sakafuni, makapi ya mpunga wa tambarare ya Imbo ni matandiko mazuri kuliko yote yapatikanayo mjini, na ni ya bei ndogo. Adui yake ni unyevu. Katika vitongoji vya chini kama Gatumba na Buterere, ambako maji ya ziwa na ya mito yamevamia makazi mara kwa mara katika miaka ya karibuni, banda lijengwe juu ya nguzo au sakafu iliyoinuliwa, kwa kuwa matandiko yaliyolowa huleta kuhara damu, na kifaranga aliyepona ugonjwa huo hubaki mdogo. Eneo la mita moja ya mraba litosheleze kuku wakubwa watano, na urefu wa banda utoke mashariki kwenda magharibi ili jua lisiingie ndani.

Chanjo zisicheleweshwe. Kideri huzuiwa tangu wiki ya kwanza na kurudiwa, Gumboro huzuiwa kati ya wiki ya pili na ya nne, na ndui karibu na miezi miwili. Kwa nyua zisizo na jokofu, chanjo ya kideri iitwayo I-2, iliyotokana na utafiti wa Australia na kutengenezwa pia Tanzania, hustahimili joto kuliko nyingine. Hudondoshwa jichoni na kurudiwa kila miezi mitatu au minne.

Chakula ndicho kinachoamua kama sifa za koo zitaonekana. Kifaranga anahitaji protini karibu asilimia 20, na mtetea anayetaga asilimia 16 hadi 17 pamoja na kalisi asilimia 3.5 hadi 4. Mahitaji hayo yanaweza kutimizwa na vitu vya hapa: mahindi, pumba za mpunga, soya, mashudu, ndagala, na chokaa ya mifugo. Kila kimoja kina hila yake. Ndagala wa chakula cha kuku huuzwa wakiwa na mchanga mwingi. Konzi moja ikitiwa katika bakuli la maji, mchanga huzama na hesabu ya hasara huonekana mara moja. Ndagala wakizidi, yai hunuka samaki. Mashudu ya pamba yana sumu ya asili iitwayo gosipoli, inayokigeuza kiini cha yai kuwa cha rangi ya zeituni, kwa hiyo watagaji wapewe kidogo sana au wasipewe kabisa. Mashudu ya mbegu za mawese kutoka Rumonge yana nyuzinyuzi nyingi na hayafai kwa vifaranga. Mtetea wa kahawia hula gramu 110 hadi 120 kwa siku. Akipewa gramu 80 za pumba na mabaki ya ugali, atataga kama kuku wa kienyeji huku akila zaidi yake, na wa kulaumiwa hapo ni mfugaji.

Mwanga nao una sehemu yake. Katika latitudo ya Bujumbura mchana huwa wa saa 12 hivi mwaka mzima, na machotara wa mayai walichaguliwa chini ya taa za saa 14 hadi 16. Asiye na taa ya kutegemewa asitarajie idadi ya mayai iliyoandikwa na kampuni, na taa ya kuwaka leo na kuzimika kesho ina madhara kuliko kutokuwa nayo.

Baada ya hayo ndipo kuku apimwe. Kwa mtetea, kipimo cha kwanza ni mkono. Mifupa miwili ya nyonga, karibu na tundu la yai, iwe imeachana kwa upana wa vidole viwili au vitatu, na kati ya mifupa hiyo na ncha ya kidari kuwe na vidole vitatu hadi vinne vya tumbo laini. Tundu lenyewe liwe pana na lenye unyevu. Likiwa dogo, kavu na la mviringo, kuku huyo hatagi. Upanga mwekundu, laini na wenye joto huthibitisha.

Vitabu vingi huongeza kipimo cha umanjano. Kuku mwenye ngozi ya manjano akitaga, rangi huhamia kwenye viini vya mayai na kumtoka mwilini kwa mpangilio: kwanza tundu la yai, kisha ukingo wa jicho, kisha mdomo, mwisho miguu, ambayo huchukua miezi kadhaa kupauka. Kipimo hiki ni cha kweli, lakini kina sharti: kuku awe amekula mahindi ya njano au majani mabichi. Kuku wa uani aliyelelewa kwa mahindi meupe, pumba na muhogo huwa amepauka tangu utotoni, na weupe wa miguu yake hauelezi lolote kuhusu mayai. Wapo waliowahifadhi kuku wavivu kwa miezi kwa kuamini miguu hiyo.

Kunyonyoka manyoya ni shahidi mwingine mzuri. Mtagaji hodari huchelewa kunyonyoka, huonekana chakavu na mkia umevunjika, na akinyonyoka huyamwaga manyoya kwa pamoja na kurudi kazini haraka. Yule anayependeza wakati wote, mwenye manyoya yanayong'aa kama mapambo, mara nyingi ndiye anayekula bure.

Jogoo wa matumizi mawili hupimwa kwa uzito akiwa na miezi mitatu, kwa mizani ileile na saa ileile, kabla hajala. Mguu mnene, kidari kilichojaa pande zote za mfupa na mwendo usiochechemea ndizo sifa zake. Wenye soko la Idi na Krismasi huhesabu wiki kurudi nyuma na kununua vifaranga kulingana na tarehe hizo.

Kosa lililoenea ni kuwatotolesha machotara uani kwa kutumaini kupata wengine kama wao. Kizazi cha pili hutawanyika: mmoja humrudia babu wa mayai, mwingine bibi wa nyama, na wachache tu hufanana na wazazi. Aidha, machotara wa mayai wamepoteza tamaa ya kuatamia. Njia yenye faida ni kununua jogoo bora, Kuroiler au Sasso, na kumwachia mitetea wa kienyeji. Mtetea wa kienyeji hutaga mayai 40 hadi 60 tu kwa mwaka, lakini huatamia mayai 10 hadi 12 kwa siku 21 bila umeme, hulea, na humtambua mwewe kabla hajafika.

Katika kundi hilo la kienyeji yupo anayedharauliwa isivyo haki, yaani kishingo, mwenye shingo isiyo na manyoya. Jeni ya shingo tupu humpunguzia kuku manyoya kwa takribani asilimia 20 akiirithi kwa mzazi mmoja, na hadi 40 akiirithi kwa wote wawili, kwa hiyo mwili hupoa upesi na kuku huendelea kula mchana wa joto wakati wenzake wanahema. Ufaransa, chini ya alama ya ubora ya Label Rouge, ambayo kuku wa kwanza waliipata mwaka 1965 na inayotaka kuku wa nyama wafikishe siku 81 kabla ya kuchinjwa, kuku wa shingo tupu ni miongoni mwa wanaothaminiwa sana. Katika masoko ya Bujumbura huuzwa kwa bei ya chini kwa sababu ya sura yake. Wafugaji wenye mitetea wa namna hiyo wanaombwa wasiwatoe wote kitoweo. Wawabakize, wawapandishe kwa jogoo wa kununuliwa, na waandike uzito na mayai ya watoto wao kwa mwaka mzima, kwa maana hakuna kituo cha kutotolesha kitakachowafanyia kazi hiyo.