Fasihi Si Somo la Kukariri

Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yamekwisha kutangazwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, na kutoka Mtowisa hadi Sumbawanga mjini, hapa mkoani Rukwa, mazungumzo ya wiki nzima yamekuwa juu ya madaraja, nani kapata la kwanza na nani kaambulia sifuri. Kinachotutia wasiwasi si madaraja hayo, bali ni namna somo la fasihi lilivyogeuzwa kuwa somo la kukariri, na kukariri si kusoma.

Mwanafunzi aliyekariri vizuri huandika bila kusita kwamba tashibiha ni ulinganishi wa vitu viwili kwa kutumia maneno kama vile “kama” au “mithili ya”. Kwamba sitiari huviunganisha vitu hivyo moja kwa moja, kimoja kikachukuliwa kuwa ndicho kingine. Kwamba tashihisi hukipa kitu kisicho binadamu sifa na matendo ya binadamu. Na kwamba takriri ni kurudiarudia neno au fungu la maneno kwa makusudi ya kusisitiza. Fasili hizo ni sahihi, na walimu wanaozifundisha katika madarasa yaliyofurika wanastahili shukrani. Hata hivyo, mwanafunzi huyohuyo akitakiwa kutoa sitiari moja aliyoisikia kwa bibi yake, hunyamaza, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba bibi yake anazo. Huko ndiko kukariri, na kukariri si kusoma.

Ufipa, nchi ya Wafipa, haujapungukiwa na mifano. Masimulizi ya chimbuko la utawala wa Wafipa yanaeleza kwamba Milansi kilikuwa kijiji cha kwanza, na kwamba mwene wake, yaani mtawala, alipokuwa mawindoni walifika wanawake wageni wakakitwaa kiti cha utawala, kisha madaraka yakahamia kwao, huku Milansi ikibaki na heshima yake katika mambo ya ibada. Humo mna mandhari, yaani mahali na wakati wa tukio. Mna mgogoro, yaani mvutano unaosukuma visa mbele. Na mna ishara, yaani kitu kinachosimamia jambo kubwa kuliko chenyewe, kwa maana kiti kile si samani bali ni mamlaka. Mwanafunzi anayeijua Milansi hahitaji notsi za kunakili ili aelewe ishara ni nini.

Hata kazi za mikono za Wafipa zilibeba tamathali. Malungu, yale matanuru marefu ya udongo ya kuyeyushia chuma ambayo mabaki yake yamekutwa katika nyanda za juu za Ufipa, yaliandaliwa kwa matambiko, na tanuru likachukuliwa kuwa bi harusi ambaye chuma ndiyo mimba yake. Mafundi hawakuishia kusema kwamba tanuru linafanana na mwanamke, bali walilitendea kama mwanamke mwenyewe, na hiyo ndiyo sitiari iliyotoka kinywani ikaingia kazini. Ni shule ngapi za bonde la Ziwa Rukwa zinazolitumia tanuru hilo kufundishia sitiari?

Tumewahi kulisema na tunalisema tena: hadithi za Ufipa hazimo madarasani mwa Ufipa. Mwanaanthropolojia Roy Willis alifanya utafiti hapa katika miaka ya 1960, na mwaka 1978 kitabu chake juu ya sanaa ya masimulizi ya Wafipa kikachapishwa Oxford, Uingereza, kwa Kiingereza. Hadithi zilizosimuliwa katika vijiji vya Ufipa zimechapishwa Oxford, na hazisomwi Mtowisa.

Zana za uchambuzi si haba. Penina Muhando na Ndyanao Balisidya walitoa kitabu chao juu ya fasihi na sanaa za maonyesho mwaka 1976, M. M. Mulokozi akazipanga tanzu za fasihi simulizi, yaani aina zake kuu, katika makala ya mwaka 1989, na K. W. Wamitila akatoa kamusi nzima ya istilahi za fasihi mwaka 2003. Wataalamu hao walitoa istilahi ili kazi za watu zichambuliwe, wala hawakuzitoa ziwe orodha ya kumezwa usiku wa kuamkia mtihani. Istilahi isiyokutana na hadithi ni ya kukariri tu, na kukariri si kusoma.

Basi walimu na wawatume wanafunzi kwa wazee, wa Kifipa na wa Kisukuma waliohamia bondeni, wakasikilize kisa kimoja, wakiandike chote, kisha wakitafutie wahusika, dhamira na tamathali zake. Wazazi na wasimulie bila kusubiri kuombwa. Maofisa elimu na watenge siku ya masimulizi katika kila shule ya bonde na ya nyanda za juu, na kazi zitakazopatikana zihifadhiwe katika maktaba za hapahapa. Wanafunzi nao na waache kuogopa somo ambalo wamezaliwa nalo! Kalamu na zishikwe sasa, kabla muhula haujashika kasi: wazee wapo, watoto wapo, istilahi zipo, na sababu ya kuchelewa haipo.