Uwanja Usio na Mwenyewe

Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya watumishi wa Serikali na walimu wa Mtwara, juu ya usafi wa mji na wajibu wa wakazi wake.



Mji wa Mtwara hauna asili moja na miji mingi ya pwani. Mikindani, iliyo umbali wa kilometa zipatazo 10 tu, ilikua nyumba kwa nyumba kwa karne nyingi, ikilishwa na biashara ya majahazi. Mtwara ulichorwa kwanza kwenye karatasi. Serikali ya Uingereza ilipoanzisha mradi wa karanga mwaka 1947, ilitakiwa bandari yenye kina pamoja na reli ya kuleta karanga kutoka Nachingwea. Basi ghuba ya Mtwara ikachaguliwa, barabara pana zikapimwa, na makazi yakagawanywa kwa rangi za watu kama ilivyokuwa desturi ya ukoloni. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, baada ya kumeza karibu paundi milioni 36. Bandari ilikamilishwa, lakini reli haikudumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilifungwa na mataruma yake yakang'olewa. Hata leo ipo kata iitwayo Reli, na hapana garimoshi linalopita hapo.

Kilichobaki ni ramani. Mji ulipimwa kwa ajili ya umati ambao haukuja, na kati ya mtaa na mtaa pakabaki viwanja vipana vya nyasi na mikorosho. Wageni huusifia upana huo, nao una haki ya kusifiwa, kwani ni miji michache nchini ambayo mtu hupata upepo wa bahari katikati yake. Lakini Bwana Afya huuona upana huo kwa jicho lingine. Uwanja usio na nyumba hauna mlango unaoutazama, wala hauna mama anayeutoka asubuhi na ufagio. Kwa hiyo huwa jalala.

Hapana mtu mwenye akili timamu anayeweza kusema kwamba watu wa Mtwara hawapendi usafi. Alfajiri, kutoka Chikongola hadi Magomeni, sauti ya kwanza baada ya adhana ni ya ufagio wa chelewa. Ua hufagiliwa mpaka mchanga ukaonyesha mistari kama mkeka mpya. Kisha taka hukusanywa kwenye ungo uliochakaa au karai, zikavushwa mpaka, zikamwagwa ng'ambo ya njia. Hapo ndipo usafi unapokoma. Aliyefagia ametimiza wajibu wake kwa nyumba yake, na ng'ambo ya njia si kwake. Wala si kwa jirani. Ni kwa Serikali, yaani, kwa fikra za wengi, si kwa mtu.

Zamani desturi hiyo haikuleta madhara makubwa, kwa sababu taka zilikuwa maganda ya muhogo, vifuu vya nazi na majani, vitu ambavyo mchwa na mvua viliweza kuvimaliza. Leo mambo yamebadilika. Sensa ya mwaka 2012 iliihesabia Manispaa ya Mtwara-Mikindani watu 108,299, na tangu hapo shughuli zimeongezeka. Mwaka 2015 kiwanda kikubwa cha saruji kilizinduliwa Msijute, na mwaka huohuo bomba la gesi kutoka Madimba kwenda Dar es Salaam likaanza kazi. Bandari ilipata gati jipya lenye urefu wa mita 300. Korosho na makaa ya mawe huja kwa malori, na kila lori lina dereva na utingo wanaokula, wanaokunywa na wanaotupa. Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza tarehe 1 Juni 2019 ilifanya kazi kubwa, na aliyekuwa akiona mifuko ile ikining'inia kwenye mikorosho kama popo atashuhudia tofauti. Hata hivyo chupa za maji na vifungashio vya biskuti havikuguswa na marufuku hiyo.

Swali basi ni hili: uwanja usio na mwenyewe utafagiwa na nani?

Historia ya nchi hii imekwisha kulijibu swali hilo mara mbili, na majibu yote mawili yanafaa kukumbukwa pamoja. Mwaka 1972, chini ya mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri za miji zilivunjwa, na miji ikawekwa mikononi mwa uongozi wa mikoa na wilaya. Nia haikuwa mbaya. Wakulima ndio wengi, na ilikuwa haki macho ya viongozi yaelekezwe vijijini. Lakini miji ilibaki bila mwangalizi wake. Magari ya taka yalikaa juu ya mawe, mitaro ikaziba, na katika miaka ya 1977 na 1978 kipindupindu kikaenea. Mwaka 1978 halmashauri za miji zikarudishwa. Wapo walimu wastaafu wanaokumbuka miaka hiyo, na hawaikumbuki kwa furaha.

Jibu la pili lilitoka katika kipindi hicho hicho. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasomewa kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo, kufyeka vichaka na kufukia madimbwi. Walimu walikuwa nguzo ya kazi ile. Kampeni ilifanikiwa kwa sababu watu walizungumza kwanza wakaelewa, na kwa sababu kila jambo waliloagizwa liliweza kutendwa na jamaa moja kwa jembe lake.

Tofauti ya majibu hayo mawili ndiyo kiini cha mazungumzo haya. Choo kinaweza kuchimbwa na mtu na wanawe. Lori la taka haliwezi kununuliwa na mtu na wanawe. Yako mambo ambayo wananchi huyafanya vizuri kuliko ofisi yoyote, na yako mambo ambayo bila ofisi hayafanyiki kabisa. Na mji huchafuka pale hasa ambapo mkono wa mwananchi umeishia na mkono wa Halmashauri haujafika.

Tazama Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Tarehe 9 Desemba 2015, sherehe za Uhuru zilipoahirishwa kwa agizo la Rais John Magufuli, nchi nzima ilishika mafagio, na tangu hapo siku ya usafi ya kila mwezi imekuwa desturi. Ni desturi njema. Lakini mara ngapi lundo lililokusanywa Jumamosi limekutwa mahali pale pale Jumatano? Kunguru wamelichambua, mbwa wamelala juu yake, na upepo wa kusi umerudisha nusu yake katika nyua zilikotoka. Mama aliyeinama saa tatu nzima akiona hivyo mwezi wa kwanza huguna, mwezi wa pili hunung'unika, mwezi wa tatu hutuma mtoto.

Na hapo ndipo palipo na aibu, ambayo yafaa isemwe wazi mbele ya wasomaji wa ukurasa huu. Usafi wa hadhara umekuwa kazi ya akina mama na ya watoto wa shule. Mtumishi naye hufika. Hutia sahihi katika daftari la mahudhurio, husalimiana na wenzake, hupigwa picha akiwa ameshika reki, kisha husimama chini ya mwembe na chupa ya maji mkononi mpaka saa nne. Chupa hiyo mara nyingine hubaki chini ya mwembe. Mwanafunzi anayemwona amejifunza somo ambalo halimo katika muhtasari wowote, na shuleni anapopewa kufagia kama adhabu ya kuchelewa, somo hilo hukamilika: kwamba ufagio ni wa mkosaji na wa mnyonge. Mwalimu anayetaka mji safi hana budi kuiondoa adhabu hiyo na kushika ufagio mwenyewe.

Nchi nyingine zimepita njia hii. Ayalandi ilianzisha mwaka 1958 mashindano ya miji nadhifu, na mshindi wa kwanza alikuwa Glenties, kijiji tu cha jimbo la Donegal. Wanaoshindana ni kamati za wakazi wanaojitolea, na uzuri wa mpango huo ni jambo moja dogo: waamuzi huja bila taarifa. Siku yoyote ya kiangazi mgeni asiyejulikana hupita na daftari lake, akatazama kuta, mito na makaburi, akaondoka. Kwa hiyo hapana faida ya kupaka chokaa mawe ya kando ya barabara kwa siku moja. Katika miji mingi ya nchi hii desturi ni kinyume: barabara hufagiwa kwa kuwa msafara unakuja, na msafara ukisha kupita ufagio hurudi stoo. Moshi, unaosifiwa miaka nenda miaka rudi kwa usafi wake, haukuipata sifa hiyo kwa kungoja misafara. Pale atupaye taka hutozwa faini bila kujali cheo chake.

Mikindani ina uwanja wake usio na mwenyewe wa namna ya pekee, nao ni magofu. Nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, nyingine zikiwa na milango ya nakshi, zimeachwa na warithi waliotawanyika hadi Dar es Salaam na Unguja. Paa likianguka, kuta huwa kisima cha taka. Hapana anayethubutu kuingia kusafisha, kwa kuwa nyumba ina wenyewe, na wenyewe hawapo. Lakini boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1895, ambalo nalo lilikuwa limeachwa lianguke, lilikarabatiwa mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa msaada wa shirika la hisani la Uingereza na kwa mikono ya mafundi wa hapo hapo, na leo ni nyumba ya wageni. Gofu lililopata mwangalizi lilikoma kuwa jalala. Serikali za mitaa zingeweza kuwaandikia warithi, kuwapa muda, na muda ukipita kuwakabidhi majirani ulinzi na usafi wa eneo bila kugusa haki ya urithi.

Bahari nayo haisahau. Kinachotupwa mtaroni Chuno au sokoni Feri hushushwa na mvua za masika hadi ghubani, na maji kupwa yakakipeleka. Mizizi ya mikoko hunasa chupa kama wavu unavyonasa dagaa, na wanawake waokotao kombe hukanyaga vigae na makopo. Kusini zaidi, kuelekea Msimbati na mdomo wa Ruvuma, ndiko iliko Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000 yenye eneo la kilometa za mraba 650. Kasa hupanda mchanga wa huko kutaga, na kasa hawezi kupambanua plastiki laini na konyeza, ambaye ni chakula chake. Mvuvi wa Msimbati hawezi kufagia bahari.

Linalotakiwa si geni wala ghali. Kila uwanja ulio kati ya mitaa upewe mtaa mmoja wa kuuangalia, jina la mtaa huo liandikwe kwenye ubao hapo hapo uwanjani, na maguba ya taka yawekwe mahali panapofikika kwa gari na kwa toroli. Mkazi anayedaiwa ada ya taka apewe risiti, na katika ofisi ya mtaa ibandikwe karatasi kila mwezi inayoonyesha fedha zilizokusanywa na safari ambazo gari limekwenda dampo la Mangamba. Anayeambiwa alipe bila kuona gari hakatai usafi, anakataa kudanganywa. Wafagiaji wa barabara, ambao katika miji mingi ni wanawake wanaoinama tangu alfajiri bila glavu, wapatiwe vifaa kabla ya fulana za maadhimisho.

Na Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ofisi zigawiwe viwanja kama mitaa ilivyogawiwa, mkuu wa idara pamoja na tarishi wake, na daftari la mahudhurio libaki kabatini. Gari lianze kupita saa tatu asubuhi, lifuate mafagio mtaa kwa mtaa, na lundo la mwisho liwe limeondoka kabla ya adhuhuri ya siku hiyo hiyo.