Kiatu cha Mlimani Hupimwa Wakati wa Kushuka



Anayejiandaa kwenda Point Lenana huwaza baridi na kupanda tu. Lakini kwenye Mlima Kenya, materemko ndiyo humaliza miguu. Kutoka Lenana, mita 4,985, hadi kituo cha Met katika njia ya Naro Moru, mita 3,050, mtu huteremka karibu mita 2,000, na kila hatua husukuma vidole mbele. Kiatu kikibana, kucha hugeuka nyeusi. Kikipwaya, kisigino hutoka malengelenge. Asiyeweza kutembea huko juu hubebwa na wenzake, na giza halimngoji mtu.

Basi buti lijaribiwe jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo baada ya shughuli za mchana, pamoja na soksi nene zilezile za safari. Anayelinunua asimame mahali penye mteremko: vidole visiguse mbele. Buti la mtumba halina ubaya, mradi soli haijaanza kubanduka. Likunjwe, gundi iangaliwe. Hata jipya livaliwe wiki kadhaa kwanza, shambani na sokoni.

Gambuti je? Kwenye tope la Vertical Bog zinafaa. Kwenye changarawe karibu na kilele, hazishiki kifundo cha mguu.

Kabla ya kushuka, kamba zikazwe upya. Jozi moja ya soksi kavu ibaki begini kwa kulalia, ila isifungwe kwa plastiki: tangu Juni 2020, plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi katika mbuga za taifa.