Gari ya mutualite: bei ya kununua na bei ya kukaa nayo

(Maneno ya komite mbele ya mkutano mkuu wa wanachama)



Mkutano uliopita mlitutuma tuangalie jambo moja: je, kasha letu linaweza kununua RAV4 iliyokwisha tumika, ya kubeba wagonjwa na wajawazito hadi Uvira, na siku zingine ifanye taksi iingize franka? Tumeongea na mafundi na madreva wa njia ya Uvira–Baraka. Leo tunawaeleza, juu kasha lile lile ndilo linanunua sanduku la maiti na kusaidia mjane. Gari ikilila, tutakosa huku na huku.

RAV4 si gari mbaya. Iko juu kidogo kutoka chini, mapiesi yake yanapatikana, na mafundi wengi wameishika. Shida ni kwamba watu wanasema "RAV4" kama vile zote ni moja.

Tuanze na motere. Zile za 1994 hadi 2000 zina motere ya 3S. Ni rahisi kutengeneza, lakini ndani yake kuna mkanda wa mpira unaobadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. Ukikatika, gari inalala pale pale. Na ujue kwamba gari hizo ni wazee sasa.

Zilizofuata, za 2000 hadi 2005, zikitoka Ujapani na motere ya lita 2, zimeandikwa D-4 juu ya motere. Hapo tufungue macho. D-4 inapuliza esansi moja kwa moja ndani ya silinda, kwa nguvu kubwa sana, kwa kutumia pampu ya pekee. Esansi yenye uchafu ama maji inaharibu pampu hiyo na vipulizio vyake. Na sisi esansi tunainunua wapi? Kwa bakadafi, ndani ya bidoni, kando ya njia. Tena masizi yanajikusanya kwenye vali, juu esansi haipiti pale kuziosha. Gari inatetemeka ikisimama, na mlimani inakosa nguvu. Mtu akikuletea D-4 kwa bei ya kukufurahisha, jiulize kwa nini anaiachilia.

Ziko pia za lita 1.8 za miaka hiyo hiyo. Hazina D-4, lakini za Ujapani zinavutwa na magurudumu ya mbele tu. Kwa macho zinafanana na 4x4. Inama uangalie chini: kama hakuna mti mrefu wa chuma unaotoka mbele mpaka nyuma, si 4x4, na mvua ikinyesha pale Makobola utaijua. Motere hizo za 1.8, na zile za 2.4 zilizokuja baadaye, zinajulikana kwa kunywa mafuta ya motere, juu ya ringi za pistoni. Kabla ya kulipa, vuta kijiti cha kupimia, washa motere, umwambie mtu akanyage, wewe simama nyuma. Moshi wa bluu maana yake mafuta yanaungua.

Sasa twende chini ya gari. RAV4 haina shasi ya chuma kama Land Cruiser. Imetengenezwa kwa watu watano na mizigo yao midogo. Sisi tunaweka watu tisa, magunia mawili ya mihogo na mbuzi mmoja. Hapo amortisere zinakufa, beringi zinalia, na viungo vya usukani vinalegea. Jambo lingine ambalo wengi hawalijui: kwenye 4x4 hii mapine yote manne yawe ya kipimo kimoja na yameisha sawasawa. Ukiweka mapya mawili mbele na mazee nyuma, unakula vyuma vya 4x4 polepole bila kusikia sauti yoyote.

Halafu usukani. Huku kwetu tunaendesha upande wa kuume, lakini gari ya Ujapani ina usukani upande ule ule wa kuume. Dreva akitaka kupita lori haoni mbele, lazima abiria amwangalilie. Taa zake nazo zimepangwa kwa nchi za kuendesha kushoto, usiku zinampiga machoni anayekuja. Na mlango wa abiria wa mbele unafungukia katikati ya njia. Mama mwenye mimba atashukia pale?

Tuje kwenye hesabu. Kutoka Baraka hadi Uvira ni kilomita kama 90, kwenda na kurudi 180. Kwa njia ile tuhesabu lita 12 kila kilomita 100: safari moja ni karibu lita 22. Tukifanya safari mbili kwa juma, mwaka mmoja ni kilomita zaidi ya 18,000 na lita zaidi ya 2,200 za esansi. Mafuta ya motere na filtre yake vibadilishwe kila kilomita 5,000, ndiyo kusema kila miezi mitatu hivi. Ongezeni mapine, fre, asiranse, vinyeti na mshahara wa dreva. Bei za sokoni mnazijua wenyewe. Kila mmoja apige hesabu nyumbani kabla ya kuinua mkono.

Kwa wafadhili wetu tunasema kwa heshima: gari ya zawadi ni kitu kizuri, lakini haiji na mapine ya mwaka wa pili. Mtu akitaka kutusaidia, atusaidie na mwaka wa kwanza wa kutembea, hata kama gari yenyewe itakuwa ya bei ndogo zaidi.

Basi, komite inaleta mbele yenu mambo manne ya kupigia kura.

Moja, kasha la mazishi na wagonjwa lisiguswe. Na kwa kila dola 3 za kununua gari, dola 1 ibaki pembeni kwa mapiesi. Kama hatujafika hapo, tungojee.

Mbili, tusinunue D-4. Tutafute 4x4 ya usukani wa kushoto, iliyotoka Ulaya ama nchi za Ghuba, yenye motere ya lita 2 ya kawaida, hata kama bei iko juu. Fundi wetu aikague, si fundi wa muuzaji.

Tatu, watu watano, basi. Hata kiongozi wa komite asiongeze wa sita.

Ine, daftari moja ndani ya gari: kilomita, esansi, tarehe ya kubadilisha mafuta. Dreva na mtunza kasha watie sahihi kila juma, na mwanachama yeyote anaruhusiwa kulifungua.

Mpaka siku tutakapofikisha kiasi hicho, tunaomba tuendelee kulipa taksi kwa kila mgonjwa kama tunavyofanya sasa. Ni pole pole, lakini hakuna mgonjwa atakayeambiwa kasha limekwisha juu ya pampu ya esansi.

Tumemaliza. Maswali yenu tunayapokea, kisha tupige kura.